Kinyama Chenye Jina la Shangazi

Kwenye idara ile hakuna aliyemwita kwa jina lake. Madaktari, manesi, karani wa mapokezi, hata mlinzi wa mlangoni aliyemzidi umri kwa miaka kumi mizima, wote walimwita Shangazi. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza kazini, pale alipomfokea daktari bingwa mbele za watu kwa kuuburuza mpira wa kamera sakafuni. "Leo umepata shangazi," nesi mmoja akamtania yule daktari, watu wakaangua kicheko, na jina likaganda. Miaka kumi na saba baadaye, ungefika pale ukamuulizia kwa majina yake matatu, lake na la baba na la babu, ungeambiwa umekosea jengo.

Kazi yake ilikuwa kuosha mipira. Mpira wenyewe ni mweusi, mrefu kuliko bibi wa makamo, una taa na kamera nchani. Daktari huupitisha mdomoni mwa mgonjwa, ukashuka kooni, ukavuka tumbo, ukaingia utumbo mwembamba, na yote ya humo yakaonekana kwenye kioo cha ukutani. Ukishatoka huko si kitu cha kutazamwa na mwenye roho nyepesi. Shangazi aliupokea kupitia kidirisha kilichotobolewa ukutani, kati ya chumba cha daktari na chumba chake, akausugua kwa brashi nyembamba ndani na nje, akauingiza kwenye mashine ya dawa, akaukausha, akauning'iniza kabatini na wenzake. Wakati mwingine, kabati likishafungwa, mipira iliendelea kuyumba humo ndani muda mrefu kuliko ilivyopasa. Wanafunzi walioletwa kujifunza kazi hawakulipenda kabati lile. Yeye aligonga tu mlango wake na kusema, "Tulieni," ikatulia, au yeye aliridhika kwamba imetulia.

Aliwajua watu kwa ndani bila kuwajua kwa nje. Maji yakitiririka hakusikia kitu ila mvumo wa sauti. Akifunga bomba alisikia kila neno la upande wa pili: mgonjwa akiulizwa majina yake na tarehe ya kuzaliwa, akijibu kwa sauti iliyojaa woga, kisha kimya cha dawa ya usingizi. Nusu saa baadaye kidirisha kinafunguka na kilichokuwa ndani ya mwenye sauti ile kinamfikia mikononi, bado kina joto. Joto hilo hakulizoea kamwe. Alivaa glavu mbili, na bado alilihisi.

Nyumbani aliishi peke yake. Mume aliwahi kuwepo, akaenda zake, na Shangazi alipenda kusema kwamba alichoacha ni ndoano ya koti nyuma ya mlango, nayo ilikuwa na faida kuliko yeye. Mama yake alikuwa ameshafariki. Baba alifariki zamani zaidi. Alikuwa fundi mizani, mtu wa kuzunguka miji na sanduku la mawe ya kupimia, akirekebisha mizani za maduka na maghala: wiki mbili nyumbani, wiki mbili safarini, tangu Shangazi anazaliwa hadi baba alipoanza kugeuka rangi ya manjano. Macho kwanza, halafu viganja. Tumbo, walisema, na hakuna aliyesema zaidi ya hapo. Alikufa na miaka hamsini na miwili, binti yake akiwa na ishirini na mmoja. Shangazi alikumbuka zaidi magauni. Kila aliporudi safarini baba alimletea gauni zuri, na kila gauni lilimbana kidogo. Mama alicheka mpaka machozi: fundi wa vipimo gani huyu, asiyejua kipimo cha mwanawe?

Mambo yalianza na salamu. Asubuhi moja nesi mkuu aliingia chumba cha kuoshea amenuna. "Shangazi, nimekukosea nini? Jana umenipita pale kwenye benchi la wagonjwa kama hunijui."

"Jana mimi nilikuwa kwenye sinki hili tangu asubuhi, miguu inawaka moto."

"Si ulikuwa na gauni la kijani? Nimekusalimia mara mbili, umenitazama tu."

"Gauni la kijani ninalo wapi mimi? Nenda kapimwe macho, ni bure kwa wafanyakazi."

Wakacheka. Lakini mwezi uliofuata mlinzi naye alimuuliza kwa nini ametoka saa nne bila kusaini, na Shangazi wakati huo alikuwa amesimama mbele yake, ndani, hajatoka. Mlinzi alimtazama, akatazama mlango, akatazama tena. Kisha akaanza kuongea habari za mvua. Tangu siku hiyo mzee yule alimpa salamu kwanza kwa mbali, kama anayehakikisha kwamba itajibiwa.

Kisha zikaja barua. Ya kwanza ilimkuta nyumbani, bahasha ya kaki yenye muhuri wa idara yake mwenyewe, majina yake matatu yamepigwa chapa bila kosa. Ilisema kwamba anatakiwa kurudi kwa matibabu ya kinyama kilichoonekana kimeota kwenye utumbo mwembamba. Shangazi alicheka peke yake jikoni. Yeye hajawahi kupitishwa mpira hata siku moja. Na barua za idara ile, nani asiyezijua? Mwaka juzi tu walimwandikia fundi magari mstaafu, mwenye ndevu hadi kifuani, aje kliniki ya wajawazito. Akaichana. Alikusudia kumwambia karani, akasahau. Ya pili akaichana, ya tatu pia, na ya nne hakuifungua hata bahasha. Katikati hapo alipigiwa simu na sauti changa ikimtaka apange siku. "Mwanangu," akasema, "mimi ndiye ninayewaoshea mipira yenu. Acheni kunichezea," akakata. Angekuwa mtu mwingine yeyote, wa sokoni au wa shambani, barua moja tu kama ile ingempeleka hospitali mbio, roho mkononi. Ni mtu wa ndani ya nyumba ile tu ambaye angeweza kuchana nne.

Idara ilipata daktari mpya, mwembamba, mpole, asiye na mzaha, waliyemwita Daktari Kijana. Jambo la kwanza alilofanya ni kuandaa orodha aliyoiita ya waliopotea: watu waliowahi kuambiwa warudi na hawakurudi. Siku ya tatu ya orodha hiyo alisimama kwenye mlango wa chumba cha kuoshea.

"Shangazi, ukimaliza huo, njoo chumbani kwangu."

Alikwenda akiwa bado na aproni. Daktari alifunga mlango.

"Kaa."

"Nikikaa nitasinzia. We sema tu."

"Shangazi, mbona umetukimbia miezi kumi na minne?"

Hakuelewa, na daktari aliona haelewi, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Ilikuwa picha ya ukuta mwekundu uliolowa, una mikunjo mikunjo, na juu ya mkunjo mmoja kilikaa kitu bapa cheupeupe, kimetambaa kama ukoko wa uji. Pembeni, kwa herufi nyeupe, yaliandikwa majina yake. Lake, la baba, la babu.

"Hiki bado si saratani," daktari alisema taratibu, "lakini kiko njiani. Kikiwahiwa tunakiondoa kwa mpira, bila kupasua mtu. Kikiachwa kinazama. Na vinyama vya hapa, Shangazi, mara nyingi ni vya ukoo. Kuna aliyekufa kwa tumbo kwenu?"

"Mwanangu, mimi sijawahi kulala kitanda chako hata siku moja."

Daktari alitabasamu kwa huruma, tabasamu la mtu aliyeshazoea watu wanaokana. "Wengi husema hivyo."

"Wengi hawaoshi mipira yako! Siku gani hiyo? Nisomee."

Akamsomea tarehe na saa, na namba ya mgonjwa. Shangazi alitoka bila kuaga, akaenda kulitoa daftari lake la kuoshea. Kila mstari wa daftari lile una namba ya mpira, namba ya mgonjwa, saa, na saini ya mwoshaji; majina hayaandikwi. Aliipata siku. Aliipata namba. Saa nne na dakika arobaini asubuhi, na mbele yake saini yenye mkia mrefu, saini yake yeye. Kwa karatasi za idara, saa ile alikuwa amelala kitandani na mpira kooni, na saa ileile alikuwa upande wa pili wa ukuta, akiusubiri utoke ili auoshe.

Alisimama pale na daftari kifuani. Nyuma yake kabati liligonga mara moja, polepole, na safari hii hakuliambia kitu.

Alipomrudia daktari na daftari lile, ni daktari aliyegundua tarehe ya kuzaliwa. Ya kwenye faili ilikuwa miaka miwili baada ya ya Shangazi. "Basi ni mtu mwingine," akasema, akishusha pumzi. "Majina yamegongana tu."

"Majina matatu, daktari? Na la babu pia?" Jina la babu yake halikuwa jina la kuokota njiani. Katika miaka hamsini na mmoja hakuwahi kukutana na mtu mwingine analo.

Daktari aliinamia kompyuta. Alikuwa ameona kitu kingine, na sura ikambadilika. "Anwani na simu zilizomo humu ni zako. Zilibadilishwa mwaka jana. Labda karani wa zamani aliona majina, akadhani ni wewe, akajaza kwa wema wake. Maana yake huyu mwingine hajaitwa, Shangazi. Miezi kumi na minne hajaitwa." Akainua macho. "Barua zilikufikia?"

"Moja," Shangazi alisema. "Juzi."

Hakujua kwa nini alidanganya. Ulimi ulitangulia, na neno likishatoka halirudi mdomoni. Lakini usiku ule hakula, na asubuhi aliingia stoo ya mafaili ya zamani akapekua kwa mikono yake mpaka akapata karatasi yenye anwani ya kwanza.

Jumamosi mchana alikwenda. Ulikuwa mtaa wa mafundi: wa kuchomelea vyuma, wa kushona viti, wa kunoa visu, kelele kila mahali. Nyumba aliyoitafuta tu ndiyo ilikuwa kimya, mlango wazi, na juu ya mlango imechorwa mizani. Alijiambia mizani ni mizani, iko kila soko, akapiga moyo konde akaingia.

Ndani zilijaa mizani. Za mezani, za kuning'inia, za sakafuni za kupimia magunia, nyingine bila sahani, nyingine bila mshale. Hewa ilikuwa imetulia, hata vumbi halikuruka, lakini sahani za mizani zote zilikuwa zikitikisika, kidogo kidogo, kama kuna mtu ametoka kuzigusa moja moja. Kwenye meza lilikaa sanduku la mawe ya kupimia lenye kona iliyobonyea. Shangazi aliijua kona ile. Lilipoanguka yeye alikuwa na miaka saba, na lilianguka kwenye kizingiti cha kwao.

Mwanamke mwenye gauni la kijani alikuwa amempa mgongo, ameinamia kazi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Hakushtuka. Aliweka chini bisibisi, akageuka, na uso uliogeuka ulikuwa wa baba. Na kwa kuwa ulikuwa wa baba, ulikuwa wa Shangazi pia, uliopungua mashavu.

"Umechelewa, dada," akasema.

Sauti nayo ilikuwa yake. Ukijisikia kwenye simu iliyorekodiwa huwa hujipendi, na Shangazi alitaka kuziba masikio. Badala yake akauliza swali la kijinga: "Unanijua?"

"Tangu mazishi ya baba. Mimi na mama tulisimama nyuma kabisa, tukaondoka kabla watu hawajageuka. Kaa, dada. Kiti hicho kizima, hivi vingine ni vya mapambo."

Shangazi akakaa. Wiki mbili nyumbani, wiki mbili safarini. Maisha yake yote alidhani safari ni barabara, kumbe safari ilikuwa nyumba, na ndani yake msichana mwenye jina la bibi lilelile walilomrithisha yeye. Alipaswa kukasirika, na hasira hakuiona. Aliona aibu na hofu, na chini yake, kwa mbali, kitu kama furaha ambacho hakujua akiweke wapi.

"Na wewe alikuletea magauni?" aliuliza.

"Kila safari. Yote yalinipwaya."

"Mimi yalinibana."

Wakatazamana. Mzee alikuwa akinunua mawili ya saizi moja, ya katikati, kukwepa maswali ya muuza duka. Mdogo mtu alianza kucheka, Shangazi akamfuata, na kicheko chao kilikuwa kimoja, kikapanda na kushuka pamoja, mpaka kikawatisha wote wawili wakanyamaza.

Shangazi alimtazama macho, ule weupe wake. Bado ulikuwa mweupe. Au mwanga wa mle ndani ulikuwa mdogo.

"Kwa nini hukurudi hospitali?"

"Hawakuniita."

"Walikuita. Walichanganya anwani. Barua yako imenifikia mimi. Moja. Juzi."

"Moja," alisema mdogo wake. Hakuuliza. Alivaa miwani yake, akaushika mshale wa mizani iliyokuwa mbele yake mpaka ikaacha kutikisika.

Walimpangia mdogo wake Alhamisi. Nesi mkuu alimshauri Shangazi apumzike siku hiyo, naye akagoma: mpira utakaoingia kwa yule ataupokea yeye, si mwingine. Ilipofika saa ya kuanza alifunga bomba, akazima mashine, akategea sikio kwenye kidirisha.

Upande wa pili nesi aliuliza majina. Na Shangazi, amesimama wima na glavu zake, alijisikia akiyataja kwa sauti yake mwenyewe, moja baada ya jingine, mpaka la babu. Kwa sekunde chache hakuwa na hakika ni nani kati yao aliye kitandani. Ilipotajwa tarehe ya kuzaliwa ndipo pumzi zikamrudia. Kisha kimya cha dawa.

Kazi yenyewe aliijua kwa masikio. Ukuta wa utumbo ule ni mwembamba kama karatasi iliyolowa, huwezi kukata tu. Daktari kwanza hudunga sindano ndefu chini ya kinyama, kupitia ndani ya mpira, na kuingiza maji ya buluu. Kinyama ambacho hakijazama huinuka juu ya maji hayo kama lengelenge. Ndipo hutupiwa kitanzi cha waya, kikakazwa, umeme ukapita, kikatoka chote, na mtu akaenda nyumbani kunywa uji. Kilichozama hakiinuki. Maji hupita pembeni, pande zote huvimba, chenyewe hubaki kimeshika chini. Yote mengine ya chumba kile ni maandalizi na kusafisha. Hapo ndipo panapoamuliwa.

"Sindano," alisema Daktari Kijana. "Ingiza. Taratibu... Ongeza."

Mashine ya mapigo ya moyo ikalia, ikalia.

"Toa. Tujaribu upande huu. Ingiza."

Shangazi alishika ukingo wa sinki. Alijikuta akisukuma viganja juu, kama mtu anayesaidia kunyanyua mzigo.

"Ongeza tena."

Halafu kimya, na ni kimya cha watu walio macho. Daktari akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba alijua nani yuko nyuma ya kidirisha, "Hakiinuki."

Akachukua vipande vidogo vya kupeleka maabara. Kidirisha kikafunguka na mpira ukaingia, una joto. Shangazi aliupokea kwa mikono miwili. Aliuosha siku ile kuliko alivyowahi kuosha chochote, akimaliza anaanza upya, mpaka nesi mkuu alipokuja kumfungulia vidole.

Majibu yalichukua siku kumi. Kilikuwa kimegeuka. Sasa ilibidi upasuaji mkubwa, kwenye hospitali kubwa, wa saa nyingi na wa hatari. Shangazi alimshika daktari mkono koridoni. "Mwaka jana kingeinuka?"

"Hakuna anayeweza kuapa, Shangazi."

"Apa nusu."

Daktari Kijana alitazama viatu vyake. "Nadhani kingeinuka," akasema.

Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, na gauni lake lile la kijani, bahasha ya majibu mapajani. Shangazi alikaa kando yake. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, yote yakamruka.

"Hazikuwa barua moja," alisema. "Zilikuwa nne. Na simu moja. Nilizichana, mdogo wangu. Nilicheka, nikazichana. Nimekuua mimi."

"Najua zilikuwa nne," mwenzake alisema. "Waliniambia huandika kila miezi mitatu. Nilikuwa nahesabu."

Shangazi akageuka.

"Mimi ndiye niliyeandika anwani yako pale dirisha la mapokezi. Na simu yako, niliyopewa na jirani zako. Karani aliniuliza nimehama, nikasema ndiyo." Aliongea polepole, kama anayepanga mawe ya mizani kwa ukubwa. "Daktari wa zamani aliniambia hii ni ya ukoo, niwaambie ndugu zangu. Ndugu yangu ni nani? Nikaja nikakaa benchi hili. Mara tatu. Nakuona unapita na ndoo zako, unatania watu. Ningesema nini? Habari yako, mimi ni mtoto wa babako, nimekuletea ugonjwa? Mara zote tatu nikaondoka."

"Ungesema hivyohivyo."

"Sikuweza. Nikasema, ikimwita hospitali yenyewe, atakwenda. Watamtazama, watakiona chake, watagundua tuko wawili, wataniita na mimi. Nilikadiria wiki moja. Nani angedhani mfanyakazi wa humu atachana barua ya humu?"

"Na wiki ilipopita?"

"Nikaogopa. Nikasema wiki ijayo nitakwenda. Na kuogopa, dada, kunazoeleka." Akaiweka bahasha ya majibu pembeni, akamshika Shangazi mkono, mkono wenyewe ulikuwa baridi. "Zile barua hazikukosea njia. Zilikuwa zako. Nenda kapimwe."

Shangazi alilia pale kwenye benchi mbele ya wagonjwa, kwa sauti, bila kujali. Mlinzi wa mlangoni aliwaona wawili wamekaa pamoja, uso mmoja mara mbili, akavua kofia yake bila kujua kwa nini.

Alikwenda siku ileile. Daktari Kijana alimpitisha mpira, akakikuta kinyama chake, kwenye mkunjo uleule, mahali palepale, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Wiki mbili baadaye alilazwa tena ili kiondolewe. Upasuaji wa mdogo wake ulipangwa Jumatatu iliyofuata, na aliyesaini fomu zake kama ndugu wa karibu alikuwa Shangazi, akaandika majina yake matatu chini ya majina yaleyale matatu, hadi karani wa hospitali kubwa akamrudishia fomu akidhani amekosea.

Siku ya kukiondoa chake, Shangazi alilala ubavu wa kushoto, kwenye kitanda ambacho kwa miaka kumi na saba, kabla ya wiki mbili hizi, alikijua kwa sauti tu. Hata mara hii ya pili kilikuwa chembamba kuliko alivyofikiri. Nesi mkuu alimuuliza majina na tarehe ya kuzaliwa, kwa kuwa ni utaratibu, na hakumtania. Wakamdunga dawa ya usingizi mwepesi. Mpira ukashuka kooni, na dunia ikawa mbali, kama inasikika kutoka chini ya maji. Lakini masikio yake yalikuwa yamefanya kazi katika chumba kile kwa miaka mingi mno, nayo yakakataa kulala.

"Sindano," alisikia. "Ingiza. Taratibu."

Alisubiri. Aliona, au aliota, mizani mbili zikitikisika gizani.

"Kinainuka," daktari alisema. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtoto. "Tazama, nesi, kinainuka chote! Leteni kitanzi."

Shangazi hakuweza kusema kitu, mpira ukiwa mdomoni. Machozi yalimtoka yakamwingia sikioni, na mwili wote ukaanza kutetemeka kitandani.

"Anaumia," alisema nesi mkuu, akamwongezea dawa.